Kabla ya Kununua Vitanda: Mwongozo wa Kuwahifadhi na Kuwasomesha Watoto wa Mitaani

Katika kila jiji kubwa kuna watu wema waliochoka kuwapita watoto waliolala juu ya maboksi chini ya daraja. Wanachanga, wanapanga nyumba, wananunua vitanda vya deka na magodoro, wanawaita watoto. Wiki ya kwanza nyumba inajaa. Mwezi haujaisha, nusu ya watoto wamesharudi mtaani, wengine na mablanketi, na wafadhili wanaanza kunong'ona kwamba watoto hawa "wameshazoea". Shida haikuwa mazoea. Kitanda kina mambo yanayokitangulia na mambo yanayokifuata, na hayo ndiyo yaliyorukwa.

Mwongozo huu ni kwa kikundi kidogo kinachotaka kuanza: waumini wa msikiti au kanisa, walimu wastaafu, marafiki wa mtaa mmoja. Hatua zinafuatana kwa sababu. Ukiianza ya nne kabla ya ya pili, unaweza kujikuta kituo cha polisi.

Hatua ya 1: Wajueni watoto wenyewe

Hawa si kundi moja. Wapo wanaoshinda mtaani wakiuza karanga, wakibeba mizigo au kuokota chupa, na jioni wanarudi kwa mama. Wapo wanaolala nje kabisa. Wapo pia waliozaliwa hukohuko, wanaoishi kando ya barabara pamoja na wazazi wao. Wa kwanza hahitaji kitanda chenu. Anahitaji sare, madaftari, na mama mwenye kipato kisichotegemea mikono ya mwanawe. Wa tatu mkimchukua peke yake mmeivunja familia. Makazi ni ya yule wa pili, na hata yeye mara nyingi ana mzazi au ndugu aliye hai mahali fulani. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa iliwatazama wote hawa katika Maoni yake ya Jumla Na. 21 ya mwaka 2017, na humo ikapinga misako ya kuwazoa watoto barabarani. Mkialikwa kushiriki msako wa "kusafisha jiji", kataeni. Mtoto aliyewaona mmeshuka kwenye gari moja na askari hatawaamini tena.

Basi anzeni kwa kutembea. Tokeni wawili wawili, mwanamume na mwanamke ikiwezekana, mpite maskani yaleyale, siku zilezile, saa zilezile. Msibebe kamera. Msigawe hela, kwa sababu wakubwa wa maskani watawanyang'anya wadogo mkishageuka. Bebeni vitu vya kusafisha na kufunga vidonda, mpira, karata, na muda. Mtoto anawapima kwa jambo moja: mliposema mtarudi Alhamisi, Alhamisi mlikuja?

Kila maskani lina mkubwa wake. Msalimieni kwanza. Mkimruka atawaona mnamwibia watu wake, na atakayeadhibiwa ni mtoto mliyezungumza naye.

Wasichana hamtawaona kwa wingi, na msihesabu kwamba hawapo. Msichana akifika mjini peke yake, mara nyingi kuna mtu anayemchukua mapema: kazi za ndani bila mshahara, baa, au "mjomba" mwenye chumba. Kuwafikia kunahitaji wafanyakazi wanawake na sehemu nyingine kabisa, kama vile stendi alfajiri mabasi ya mbali yanapoingia, zahanati, na akina mama wanaouza chakula usiku. Akina mama hao wanajua mengi kuliko ofisi yoyote.

Halafu kuna gundi, petroli na vimiminika vingine vya kunusa. Kunusa kunaondoa njaa, baridi na woga kwa muda, kwa hiyo hotuba haifanyi kazi. Jambo moja la usalama lijulikane na kila mfanyakazi: mtoto aliyetoka kunusa sasa hivi asikimbizwe, asishtuliwe, asigombezwe kwa makelele. Kemikali hizi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mshtuko au mbio vikausimamisha ghafla. Mwacheni akae penye hewa, ongeeni taratibu, mmoja abaki naye. Akizimia au akishindwa kupumua vizuri, hospitali mara moja.

Hatua ya 2: Sheria na watu, kabla ya nyumba

Kumlaza mtoto asiye wenu bila idhini kunaweza kuhesabiwa kosa hata kama nia ni njema. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mapema, mkiwa bado hamjapanga nyumba, mwulize kituo kinasajiliwaje, nani anatoa kibali cha kumpokea mtoto, taarifa itolewe ndani ya saa ngapi, na wakati gani mahakama inahusika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 20, unasema mtoto aliyekosa malezi ya familia ana haki ya ulinzi maalumu wa dola. Maana yake ninyi mnaisaidia dola kazi yake. Hamjawa wazazi wa mtoto. Fanyeni urafiki pia na polisi wa dawati la watoto. Mtawahitaji usiku wa manane, na usiku wa manane si wakati wa kuanza kujitambulisha.

Kuhusu watu nitakuwa mkali. Nyumba yenye watoto wasio na wa kuwatetea inavuta watu wabaya, na mara nyingi mtu huyo ndiye mchangamfu kuliko wote na yuko tayari kukaa zamu za usiku bila malipo. Kila mfanyakazi na kila anayejitolea achunguzwe: kitambulisho, wadhamini wawili mliowapigia simu ninyi wenyewe, taarifa za polisi pale zinapopatikana. Asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa. Mlezi wa zamu asilale bweni moja na watoto. Awe chumba cha jirani, macho, na taa ya korido ikiwaka. Mtoto ajue watu wawili anaoweza kuwaambia jambo, mmoja wao akiwa nje ya kituo kabisa.

Wageni wa mwishoni mwa wiki nao wanahitaji utaratibu. Wanakuja na keki, wanapiga picha na watoto mapajani, saa kumi wameondoka. Mtoto aliyeachwa mara nyingi hana haja ya kuachwa kila Jumamosi. Keki ipokelewe kwa shukrani, ziara iwe fupi, sura ya mtoto isipigwe picha. Atakapokuwa mtu mzima anatafuta kazi, picha hiyo bado itakuwepo mtandaoni.

Hatua ya 3: Fungueni mlango wa mchana kwanza

Kituo cha mchana ni nafuu kuliko bweni, na ndicho chujio. Sehemu ya kuogea, beseni na sabuni za kufulia, chakula kimoja cha moto, mtu wa kutibu vidonda, uwanja mdogo, na makabati yenye kufuli. Makabati yanasahaulika sana. Mtoto wa mtaani hana mahali pa kuweka kitu. Kila alichonacho kiko mwilini au kitaibiwa. Mpeni kabati na ufunguo, atarudi kesho kuangalia kama kitu chake kipo. Na keshokutwa.

Aje na aondoke apendavyo. Hapo ndipo mtaona nani anaogopa jioni ikiingia, nani ana jeraha jipya kila Jumatatu, nani anamlinda nani. Wale wanaoanza kuzungukazunguka getini jua linapozama, wakitafuta kisingizio cha kufagia, ndio wa kwanza kupewa kitanda.

Hatua ya 4: Malazi

Anzeni na nyumba ndogo. Watoto 10 au 12 wenye walezi wanaowajua kwa majina, tabia na ndoto zao mbaya ni bora kuliko 60 wanaohesabiwa kwa filimbi. Viwango vya Sphere, vinavyotumika kwenye maafa duniani, vinataka angalau mita za mraba 3.5 za eneo la kuishi kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Hivyo ni viwango vya kambi ya dharura. Nyumba yenu ikiwa chini ya hapo, isifunguliwe.

Wavulana na wasichana wawe na nyumba tofauti, si pazia. Wadogo wasichanganywe na vijana wa miaka 16. Milango miwili ya kutokea, nondo za dirisha zinazofunguka kwa ndani, ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu na jiko. Gundi na petroli viachwe getini, mbali na moto.

Usiku wa kwanza una mambo yake. Tuseme saa tatu mvulana wa miaka kama kumi na mmoja amesimama getini, mkono mmoja umejificha ndani ya shati, umeshika chupa. Haombi kitanda. Anauliza:

"Anko, huu mlango mnafunga saa ngapi?"

Anachouliza hasa ni kama akiingia ataweza kutoka. Ajibiwe ukweli: "Tunaufunga saa nne, mdogo wangu, watu wa nje wasiingie. Ukitaka kutoka, mwambie dada wa zamu. Atakaa na wewe mwongee kwanza, lakini hakuna atakayekufungia chumbani." Chupa inabaki getini bila mahubiri. Anaonyeshwa choo kilipo, taa inawashwaje, nani analala kitanda cha juu yake. Anaoga peke yake. Maswali ya jina la baba na kwao wapi yasubiri asubuhi. Akichagua kulala sakafuni kando ya mlango, mpeni godoro hapohapo.

Wengi wanakojoa kitandani, hata wakubwa. Wekeni magodoro yenye mfuniko wa plastiki na shuka za akiba mahali ambapo mtoto anazifikia mwenyewe usiku bila kuomba. Anayemtangaza mwenzake asubuhi akanywe mara moja, na mlezi anayefanya hivyo aondolewe.

Asubuhi ni uchunguzi wa afya. Upele ukionekana kwa mmoja, wanaolala pamoja naye watibiwe wote siku hiyohiyo, hata wasiojikuna. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, na visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi. Mkitibu mmoja mmoja, upele utakuwa unawazunguka mwaka mzima. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Na hili lisingoje asubuhi: mtoto akisema, au mkihisi, kwamba amebakwa au kulawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 72. Kwa msichana aliyevunja ungo, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi vikitumiwa mapema, ndani ya siku tano. Nendeni hospitali kwanza, usiku huohuo. Maelezo ya polisi yanaweza kuchukuliwa hukohuko.

Sheria za nyumba ziwe chache na zitungwe pamoja na watoto: hakuna kupigana, hakuna kunusa ndani, hakuna kuingia bweni la wenzako, zamu za usafi zinaheshimiwa. Fimbo isiwepo kabisa. Wengi wao waliikimbia nyumbani, na mkiitumia watajua njia ya kurudi mtaani bila kuonyeshwa.

Watatoroka, baadhi mara kadhaa. Mmoja ampe taarifa afisa ustawi, anayetembea usiku amtafute maskani kwake, na akirudi apokewe kwa chakula. Kumlaza nje "ajifunze" ni kuwasaidia wale waliokuwa wakimsubiri huko nje.

Hatua ya 5: Kutafuta ndugu kuanze wiki ya kwanza

Hapa vituo vingi vinalala. Mtoto ametulia, anakula, anacheka, basi kila mtu anaridhika. Miaka minne baadaye ana miaka 15 na bibi yake amekufa akimtafuta.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Kuanzia 1854 hadi 1929 huko Marekani, watoto wapatao 200,000 walitolewa New York na miji mingine ya mashariki, wakapakiwa treni na kugawiwa kwa familia za mashambani. Ziliitwa treni za yatima. Wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai. Waliofanya hivyo nao walikuwa watu wema.

Mtoto wa miaka tisa hajui jina la wilaya yao, na akilijua huenda analificha. Mpeni karatasi kubwa na penseli: "Nichoree njia kutoka nyumbani mpaka mlipokuwa mnachota maji." Hapo vinaanza kutoka: mwembe uliopigwa radi, mashine ya kusaga, msikiti wenye bati la kijani, nyumba ya mzee mwenye mbwa wakali. Ulizeni konda alikuwa anaita nini, gulio lilikuwa siku gani, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na jina gani la utani. Sikilizeni anavyohesabu akiwa na haraka, maana watu huhesabu kwa lugha ya nyumbani. Kwa michoro miwili mitatu iliyofanywa siku tofauti, mtu anayelijua eneo hilo anaweza kuitambua kata.

Safari ya kwanza ya kwenda huko mtoto asiwepo. Mfanyakazi aende kwa adabu, apige hodi, apitie kwa balozi au mzee wa mtaa, asikilize zaidi ya kusema. Anatafuta jibu la swali moja: kilichomtoa mtoto hapa bado kipo? Kama ni njaa au ada, pana kazi ya kufanya na mama. Kama ni kipigo cha baba wa kambo, mtoto harudi humo hata kama mama analia mpaka anagaragara. Lakini anaweza kuwapo shangazi, bibi, au kaka aliyeoa. Uamuzi uwe wa afisa ustawi, na mtoto aulizwe kabla, si baada.

Pasipo na ndugu wa kufaa, malezi ya kambo katika familia iliyochunguzwa yanatangulia kituo, hasa kwa wadogo. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya Romania; waliopelekwa kwenye familia za kulea walikua vizuri kiakili kuliko waliobaki vituoni, na waliotolewa mapema walifaidika zaidi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inaelekea hukohuko. Kijana wa miaka 17 ni habari nyingine: huyo asaidiwe chumba cha kupanga na mwenzake, kazi ya mkono, na mtu mzima wa kumtembelea.

Aliyerudishwa nyumbani atembelewe wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya miezi michache kwa angalau mwaka. Tengeni nauli hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo. Kurudisha bila kufuatilia ni kumpa mtoto usafiri wa kwenda na kurudi.

Hatua ya 6: Masomo

Msimpeleke shule Jumatatu ya kwanza. Mvulana wa miaka 13 aliyewekwa darasa la pili, magoti yakigonga dawati, atakuwa mtaani Ijumaa.

Anzeni kwa kupima. Mpeni herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya ukurasa mmoja. Anapokwama ndipo anapoanzia. Makundi yafuate kiwango, si umri, na yapangwe upya kila wiki kadhaa. Vipindi viwe vifupi mwanzoni, dakika ishirini au thelathini, kwa sababu mtu aliyelala na jicho moja wazi kwa miaka miwili hawezi kukaa kitako saa mbili. KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwanza, mengine baadaye.

Kwenye hesabu mtashangaa. Mwaka 1985 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Walipoulizwa bei na chenji sokoni walipata asilimia 98 ya maswali. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi bila biashara ndani yake, walipata kama asilimia 37. Mwalimu anayejua hili haanzi na "mbili jumlisha mbili". Anamwuliza mtoto ameuzaje, faida ilikuwa ngapi, kisha anamwonyesha jinsi alichokifanya kichwani kinavyoandikwa ubaoni.

Wakati masomo ya kuziba pengo yanaendelea, fuatilieni cheti cha kuzaliwa. Ni haki yake kwa ibara ya 7 ya Mkataba wa 1989, na pasipo cheti mtihani wa taifa unaweza kumshinda hata akiwa na akili ya ajabu. Usajili wa waliochelewa huchukua muda, huhitaji viapo na mashahidi, na ni kazi ya mtu mvumilivu asiyechoka foleni.

Kisha shule ya kawaida, ya jirani. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu ana kwa ana, na mwalimu wa darasa pia. Watawanyeni watoto kwenye shule mbili tatu ili pasitokee benchi la "watoto wa kituo". Sare iwe kama ya wenzao na viatu viwe vinamwenea. Awepo mtu mmoja anayekwenda vikao vya wazazi kila mara, mtu yuleyule, na mtoto amwone amekaa pale. Jioni, saa moja ya kufanya kazi za shule na mtu wa kuwasaidia. Mahudhurio yaangaliwe kila siku: akikosa siku mbili mfululizo kuna jambo, na kwa kawaida si uvivu. Amechekwa, amekosa daftari, au kuna mtu wa maskani anamsubiri njiani.

Waliofika miaka 15 bila kusoma wasilazimishwe msingi mzima. KKK asubuhi na ufundi mchana inawatosha, lakini fundi anayewapokea achunguzwe kama mlezi mwingine yeyote, na makubaliano yaandikwe: saa za kazi, posho, zana. Vinginevyo mmempatia mtu kibarua wa bure.

Hatua ya 7: Fedha

Kifupi tu. Mishahara ya walezi wa usiku itangulie rangi ya ukuta. Kila mtoto awe na faili lake linalofungiwa: alivyopokelewa, afya, ndugu, shule, mpango wa kuondoka. Matumizi yawekwe wazi kwa wanaochanga. Msifungue mlango mkiwa na akiba ya miezi mitatu tu. Tafuteni ya mwaka.

Na tangu siku ya kwanza andikeni karatasi moja inayosema fedha zikikata itakuwaje: nani atamjulisha afisa ustawi na kwa muda gani kabla, kila mtoto atakwenda kwa nani, nani ataendelea kulipia mwaka wa shule uliobaki, faili zitakabidhiwa ofisi ipi. Irekebisheni kila mtoto anapoingia au kutoka, nakala moja ikae kwa afisa ustawi.